Kwa Nini Jiko Letu Linalala Mobeni

Mapendo, mtoto wangu wa kwanza,

Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu ambaye ndala zake ziko mlangoni pangu. Umeshuka South Beach kuaga marafiki, mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu, na mimi niko mezani hapa jikoni na kalamu ya bluu niliyoichukua kwenye begi lako bila ruhusa. Kesho saa sita mchana basi linakupeleka Cape Town. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ukifunguka unatoka mchezo. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia neno hili, na mara zote tatu uliondoka unacheka, mimi nikabaki na neno langu tumboni. Karatasi haicheki, ndiyo maana naandika.

Habari za blanketi, za kuficha simu ukisimama kwenye taa za robot barabarani, za kutoingia taxi usiyojua inakwenda wapi, mama yako amekwisha kukwambia na atakwambia tena kesho asubuhi. Mimi siongezi. Tena mimi wa kukupa maagizo ni nani? Wewe umemaliza shule yote na unaanza mafunzo ya hospitali. Mimi niliishia darasa la sita Bukavu, ingawa huwaambia watu nilisoma miaka minane, na si uongo: madarasa mawili niliyapenda, nikayarudia. Nimepita Kigoma, Lusaka, Harare, Maputo, na kila mpaka nilimwacha askari anashika mbavu. Naongea lugha saba. Durban nzima hakuna anayechoma mbuzi kama mimi, hata wanaonichukia wanakubali wakiwa na mfupa mdomoni. Hayo yote umeyasikia tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako. Neno moja tu hujalisikia kwangu, na ndilo nililopaswa kukuambia kabla ya hayo mengine yote.

Ni habari ya jiko letu, na ni habari ya Tantine Faida.

Leo asubuhi tumelifungia jiko, mimi na wewe, kama kila mwezi wa sita. Ulitoka uani umejifunga kitambaa kichwani, ukanikuta nimekwisha kulivuta mpaka kwenye bomba. Ni lile pipa la mafuta lililopasuliwa katikati, likachomelewa miguu minne na fundi wa Mobeni, kule kwenye viwanda, mguu mmoja mfupi, linasimama kama mlevi anayejikaza mbele ya pasta. Ulimwaga majivu yote, mpaka yale ya kwenye pembe, kwa sababu nilikufundisha kwamba majivu yakibaki yanakunywa unyevu wa bahari, yanakula chuma polepole, mpaka siku moja nyama inaangukia viatu vya mteja. Ukakwangua wavu kwa brashi ya waya. Nikachemsha maji, tukaosha kwa sabuni, tukawasha vijiti vichache ndani yake kulikausha, tukaacha lipoe. Halafu ukapaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa, kidogo tu, maana yakizidi yanaganda kama gundi na panya wanaitana. Makala yaliyobaki, yale makaa ambayo hayajaguswa na moto, tukayatia kwenye debe lenye kifuniko. Mikono yako inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko yangu sasa. Asubuhi sikukuambia.

Papa Jules wa duka la simu alipita na mkate kwapani, akasimama getini kama kila mwaka.

"Papa Mapendo, weye uko mtu wa namna gani? Wakati wa joto mvua inakunyeshea mpaka kwenye masikio na unachoma. Sasa jua iko, mvua hakuna, watu wanataka nyama, unafungaka."

"Nchi hii inasema ni majira ya baridi," nikamwambia. "Mimi nafuata sheria ya nchi."

"Baridi gani? Mi niko na kaputula."

"Hiyo kaputula yako ndiyo inanifukuzia wateja."

Mlicheka wote wawili. Alipokwenda, wewe ukaniuliza huku unafunga kamba ya turubai: "Lakini papa, kweli kweli, kwa nini? Na kwa nini tunalipeleka mpaka Mobeni, na uani kuna nafasi?" Nikakujibu kwamba jiko nalo ni mfanyakazi, linastahili likizo yenye kulipwa. Ukacheka tena. Ukaenda kuoga.

Papa Jules ana haki. Mtu yeyote wa Durban anajua Juni na Julai ndiyo miezi mizuri ya kukaa nje na nyama. Mimi kila mwaka miezi hiyo naiacha kazi ninayoipenda, naenda kubeba makatoni Mobeni, kwenye ghala lile lile ambamo jiko linalala nyuma ya mlango wa chuma, napita mbele yake kila siku na turubai lake. Watu nimewaambia ni chumvi ya bahari. Nimewaambia ni kutu, ni upepo, ni daktari, ni mke wangu. Ukweli ni kwamba nalitoa nyumbani kwa sababu naogopa mikono yangu. Naogopa siku moja ya baridi nitalitazama pale uani, nalo litaonekana kitu kizuri cha kuingiza ndani.

Wewe unaijua habari hivi: ulipokuwa na miaka saba, tukikaa South Beach, Tantine Faida, mdogo wake mama yako, ambaye alikuwa ametoka Bukavu wiki chache tu, aliingiza jiko la moto chumbani kwa sababu ya baridi na ushamba, akafunga dirisha, mkalala usingizi wa mchana, mkakaribia kufa wote wawili. Ndivyo unavyoijua. Ndivyo mama yako alivyoijua mpaka leo mchana. Ndivyo kanisa letu zima linavyoijua.

Aliyeingiza jiko ni mimi. Aliyefunga dirisha ni mimi. Na ni jiko hili hili ulilolipaka mafuta leo asubuhi.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita. Tulikuwa na kile chumba cha chini kabisa, nyuma ya jengo, mlango wake unafungukia uani, tumekigawa kwa pazia. Mama yako alikuwa zamu kwenye dobi la hoteli. Wewe ulikuwa na mafua, Tantine akabaki nawe asiende kanisani. Mimi nilitoka kanisani mapema nikawasha jiko, kwa sababu watu wakitoka kuomba wanatoka na njaa. Makala yalipokwisha kuwa mekundu, kabla sijaweka hata kipande kimoja, ikaja mvua na ule upepo wa kusini unaotoka baharini kama una hasira na mtu. Wateja wakakimbia. Umeme nao ukakatika.

Nikatazama makala yangu. Yalikuwa mazuri, mwanangu. Hayana moshi hata kidogo. Na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa umejificha, kwa sababu kwetu tulikuwa tunasema hivyo: ngoja moshi uishe, moto uwe safi, ndiyo uingize ndani. Bibi yangu alifanya hivyo kila jioni ya mvua na hakufa mtu. Lakini nyumba ya bibi ilikuwa ya mbao, na mianya ambayo kuku wangeweza kuchungulia. Chumba kile cha South Beach kilikuwa cha saruji, na dirisha moja dogo la kioo. Mtu aliyepita nchi tano hakulifikiria hilo. Wewe ukisoma hospitali watakufundisha jina la ile hewa ya sumu inayotoka kwenye makala. Mimi sikujua jina wala sikujua kama ipo, maana haina harufu.

Nilifunga magunia mabichi mikononi nikalisukuma jiko mpaka ndani, katikati ya chumba. Tantine Faida akasimama.

"Shemeji, acha basi dirisha wazi kidogo."

"Faida, joto nimelibeba kwa mikono yangu, unataka niligawie bahari?"

"Kichwa inaanza kuniuma."

"Hiyo ni kichwa ya Bukavu. Bado haijazoea mji."

Wewe ulicheka, kule kitandani, ukakohoa, ukacheka tena. Na mimi nikisikia mtu anacheka siachi. Nikaenda dirishani kama mfalme, nikalifunga, nikamwinamia Tantine kama wanavyofanya wahudumu wa hoteli. Nikatoka. Nikaziba na gunia chini ya mlango, kwa nje, upepo usiwasumbue. Halafu nikaenda kwenye duka la simu pale kona, walikuwa na redio ya betri inayotangaza mpira. Nilikaa huko kipindi kizima na cha pili. Niliwaambia wale watu: nyinyi wake zenu wanatetemeka, kwangu ni kama Matadi wakati wa joto.

Niliporudi nilimkuta Tantine uani, kwenye mvua, amepiga magoti, wewe umelala mapajani mwake kama nguo iliyofuliwa. Alikuwa anakupiga makofi ya uso na kukuita jina, na katikati anageuka kutapika, anarudi anakuita tena. Miguu ilikuwa imemkatalia. Alitambaa kutoka kitandani mpaka mlangoni akikuvuta kwa kola ya pajama yako, kipande baada ya kipande, na goti lake moja lilikuwa limechubuka mpaka nyama. Wewe hukumbuki hilo. Ulikuwa umezimia. Mimi nakumbuka mpaka rangi ya pajama.

Sikiliza vizuri hapo, kwa sababu nimelichelewesha miaka kumi na mitatu: yule unayesema alitaka kukuua ndiye aliyekutoa.

Msimamizi wa jengo alikuwa amefika, yule mzee Mzulu tuliyekuwa tunamwita Baba. Alitazama ndani, akaona jiko limesimama katikati ya chumba linawaka.

"Eish," akasema. "Nani ameingiza hiki kitu ndani ya jengo langu?" Akanigeukia. "Kama ni wewe mwenye chumba, leo leo vitu vyako vyote viko barabarani."

Nikatazama godoro. Nikatazama sufuria za mama yako. Nikakutazama wewe. Tantine alikuwa ameshika ukuta anatapika, hawezi kusema neno.

Nikasema: "Ni shemeji yangu, Baba. Ni mgeni. Hajui."

Baba akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kungoja ambulensi getini. Ilikuwa rahisi hivyo. Nimesema uongo mwingi maishani, Mapendo, wa mipakani na wa sokoni, na mwingine najivunia, lakini hakuna uliotoka laini kama ule. Nilijiambia ni wa msimamizi tu, wa kutuokolea chumba, mama yako nitamweleza akifika. Mama yako akafika anakimbia na aproni ya hoteli, na Baba akawa wa kwanza kumwambia. Mama yako akanigeukia mimi. Alinitazama tu, kuuliza kama ni kweli. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Nilitazama chini, kama mtu mwenye uchungu.

Mlilazwa siku mbili, vitanda viwili jirani, mpira wa hewa puani. Siku ya pili wewe ulikuwa umeamka unaomba chipsi. Tantine akaniita kwa mkono.

"Shemeji, umewaambia ni mimi?"

"Ni kwa ajili ya chumba, Faida. Wakitulia kidogo nitasema."

Akautazama mlango.

"Sema upesi," akasema. "Dada yangu hajanitazama tangu jana."

Basi hapo ningesema. Mama yako alikuwa nje ya mlango, hatua kumi. Badala yake nilimwambia Tantine kwamba na ule mpira puani anafanana na rubani. Akajaribu kucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, hana karatasi za kukaa nchi hii, hana chumba, hana mtu mwingine Durban isipokuwa sisi. Alijua akinipinga ni neno lake na langu, na akishinda, dada yake atabaki na mtoto mgonjwa na mume aliyemfukuza. Akanyamaza kwa ajili ya dada yake. Mimi nikachukua kimya chake nikakifanya mto wa kulalia.

Jumapili iliyofuata pasta alimwita mbele, akamwombea aondolewe roho ya giza. Aliyeitikia amina kubwa kuliko wote ni mimi. Na hilo siyo baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni harusi. Unajua kwenye harusi zetu mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti. Hakuna bwana harusi wa Kikongo hapa mjini asiyenitaka. Miezi miwili baadaye, kwenye harusi moja ukumbini, watu wamepoa, nikatafuta kitu cha kuwaamsha, nikawapa ile habari. Shemeji wa kutoka kijijini aliyeona kitanda akadhani ni meza ya kuchomea mbuzi. Nilimwiga sauti. Niliiga jinsi anavyotembea. Ukumbi mzima ulianguka. Wewe ulikuwa mapajani mwa mama yako, ulicheka mpaka ukatoa machozi, ukawa unaiga na wewe nyumbani mwezi mzima.

Tantine alikuwa ameketi meza ya nyuma, amevaa kitenge alichoshonewa na mama yako kabla ya yale yote. Alingoja nimalize. Akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Jumanne alikuwa kwenye basi la Cape Town. Hakuaga. Mama yako akasema, afadhali.

Tangu hapo kila mwaka nikawa nalifunga jiko mwezi wa sita. Nilijidanganya kwamba hiyo ni toba. Mtu anasugua chuma kwa brashi mpaka vidole vinatoka damu, analipaka mafuta, analifunika vizuri, analipeleka mbali na watoto, anajiona amefanya kitu. Sikufanya kitu. Nilitunza pipa, na mtu nikamwacha nje kwenye mvua miaka kumi na mitatu.

Nilidhani nitazeeka nalo hivyo. Halafu barua ya mafunzo yako ikatoka Cape Town, kati ya miji yote. Mwezi uliopita Tantine akampigia mama yako, simu ya kwanza kwa miaka, akasema amesikia kwa watu, na kitanda kiko kama mtoto anataka. Mama yako akatuletea habari mezani. Unakumbuka ulivyojibu?

"Mimi siwezi kulala nyumba moja na mtu aliyetaka kuniua kwa ujinga wake. Afadhali nilale na watu nisiowajua."

Na kweli ukaenda ukatafuta kwenye simu kitanda kwenye chumba cha wasichana wanne usiowajua, mtaa ambao hata mimi, mtu wa nchi tano, siujui. Mama yako akanitazama nikusemeshe. Nami nikasema, heri hivyo, Tantine angekuchoma na viazi. Ukacheka. Mama yako hakucheka. Usiku huo sikula tena, na unajua mimi na chakula.

Sikuandikii ili ujifunze kutosema uongo. Hilo unalijua, tena kulisikia kwangu ni kama kufundishwa mlo na panya. Nakuandikia nilichokiona kwa macho yangu tu. Niliona kwamba mtu anayecheka hakuulizi mara ya pili. Hilo nililijua nikiwa kijana, nikalifanya kazi, likanipitisha mipaka na likaninyima nafasi ya kuwa mtu mzima. Wewe leo asubuhi uliuliza mara ya pili. Kweli kweli, kwa nini? Ulisema hivyo na kamba mkononi. Endelea kuwa hivyo. Ukiwa pale hospitali na mgonjwa anakufanyia mchezo kila ukimgusa mahali fulani, muulize mara ya pili.

Na ukifika mahali pageni, wewe ndiye utakuwa Faida. Utakuwa na lafudhi ya Durban, hujui vitu vilipo, na atatokea mtu kama mimi mwenye kinywa kikubwa atakayekuambia kichwa chako bado hakijazoea mji. Fungua dirisha. Akicheka, acha acheke.

Leo mchana, ulipotoka, nilikwenda kusimama mlangoni mwa chumba. Mama yako alikuwa anakunja lile sweta lako la kijani. Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno machache kuliko niliyokuandikia wewe, bila kukaa chini. Hakupiga kelele.

"Jiko?"

"Mimi."

"Dirisha?"

"Mimi."

"Na lile gunia?"

"Mimi, mama Mapendo."

Akakaa kitandani, juu ya nguo alizokwisha kukunja.

"Baba yetu alipokufa," akasema, "mimi nililia matanga hapa, Faida akayalia kule. Alinipigia. Alikuwa analia, hawezi hata kutamka jina la baba. Nikamkatia simu." Halafu akanitazama kama mtu anayesoma tangazo la lugha asiyoijua. "Na wewe ulikuwa hapa hapa unagawa chai. Ulikuwa unachekesha wageni wangu wasilie."

Nikasema ndiyo.

Hakuniambia kitu kingine mpaka sasa. Alichukua simu, akampigia dada yake, akaiweka kitandani kati yetu, sauti wazi. Akasema jina lake tu, Faida, halafu akashindwa. Ikabidi niseme mimi. Nilisema yote, nikaomba msamaha, na nilipofika mahali fulani nikaanza kusema kitu cha kuchekesha, naapa hata sijui kilitoka wapi, na Tantine akanikata.

"Shemeji. Usichekeshe."

Nikaliacha neno katikati.

"Mimi uliniomba ninyamaze nikanyamaza. Usiniombe msamaha chumbani na mlango umefungwa. Jina langu hukuliharibia chumbani. Uliliharibia kanisani, na mbele ya harusi ya watu, na kipaza sauti mkononi. Nenda kalirudishe hapo hapo. Na ukichekesha watu, basi hujasema."

Mama yako akauliza kwa sauti ndogo: "Na mtoto?"

"Mtoto asije kwa huruma," akasema Tantine. "Mimi siyo mgonjwa. Akitaka kuja, aje. Asipotaka, nitampelekea chakula getini Jumamosi, akichukue kama hataki kuniangalia. Nilimvuta kwa kola, siyo kwa deni."

Halafu wale wawili wakaanza kuongea Kishi, lugha ya utotoni mwao, haraka haraka, wanalia na kucheka kwa pamoja, nami nikaona hapo sina kiti. Nikaja hapa mezani.

Sikwambii ukalale kwa Tantine. Sina mdomo wa kukuambia uende wapi. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii, kwa mwandiko wa mama yako, maana wangu ungeweza kukupeleka kwa mtu mwingine. Utakaa kwenye basi saa nyingi, utafikiri. Inawezekana ukifika kule utakuwa umeamua kumpenda yeye na kunichukia mimi. Nitaumia, na utakuwa hujakosea.

Barua hii sitaificha kwenye begi lako uikute njiani nikiwa mbali. Nimefikiria kufanya hivyo, sikufichi, nilikwisha kuikunja. Lakini huo ungekuwa ujanja wangu ule ule. Ukirudi leo kutoka South Beach nitakupa mkononi, na nitaketi kwenye kiti hiki ukiisoma, mpaka mwisho, na sitasema kitu. Ukitaka kuniuliza, uliza mara mbili. Ukitaka kutoka usiniage kesho, mama yako atakusindikiza kituoni, mimi nitabeba begi nyuma yenu, mbali kidogo.

Jumapili wewe utakuwa umekwisha kufika. Nimemwomba pasta dakika tano baada ya matangazo. Amefurahi, anadhani nataka kutangaza nyama. Nitasimama mbele pale ambapo Tantine alisimamishwa, nitalitaja jina lake na langu, na jiko, na dirisha, na gunia, na harusi. Nimeshika kipaza sauti mara nyingi kuliko wachungaji wote wa mtaa wa Berea wakiwekwa pamoja, na nakuambia, cha Jumapili nakiogopa kama mtu ambaye hajawahi kukishika.

Jumapili saa nane mpigie mama yako. Muulize kama nilisimama. Muulize nilisema nini, neno kwa neno, na muulize kama kuna mtu hata mmoja alicheka. Usiniulize mimi. Mimi nitakuambia nilisimama.

Papa yako